Bosi anataka mfumo mpya: mchambuzi wa biashara aanzie wapi?

Ombi linapomfikia mchambuzi wa biashara, mara nyingi limeshavaa vazi la suluhisho: "Tunataka mfumo mpya wa kuidhinisha manunuzi." Tatizo lenyewe halijatajwa. Ukianza hapohapo kuorodhesha skrini na vitufe, utawapa watu walichoomba na shida yao itabaki palepale. Nitatumia ombi hilohilo kuonyesha ninavyokwenda.

Hatua ya 1: Uliza kinachouma

Kaa na aliyeleta ombi. Nini kinachelewa? Kinamkwamisha nani? Mambo yakikaa sawa, tutajuaje? Swali hili la mwisho ndilo gumu, usiliruke. "Kazi iende haraka" si jibu. Mkikubaliana kwamba ombi la manunuzi lijibiwe ndani ya siku 3 badala ya 10 za sasa, mmepata kipimo. Kiandike juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta wadau

Wakubwa hawasahauliki. Wanaosahaulika ni mkaguzi wa ndani, mhusika wa usalama wa taarifa, na karani anayepokea fomu. Kwa kila mmoja andika ana mamlaka gani, na mabadiliko yatampunguzia au kumwongezea kazi gani. Anayeongezewa kazi bila kuulizwa atapinga, na ana haki.

Hatua ya 3: Kaa na anayeifanya kazi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Taratibu za idara zinaeleza kazi inavyopaswa kwenda. Karani anakuonyesha inavyokwenda. Kaa kando yake nusu siku, usimsahihishe. Ukimwona anafungua daftari la pembeni au faili la Excel lisilotajwa popote, muulize kwa upole linamsaidia nini. Mara nyingi hapo ndipo mfumo uliopo ulipomwangusha.

Kisha chukua maombi 30 ya karibuni uyafuatilie moja moja: lilifika lini, lilikaa kwa nani, lilirudishwa kwa nini. Chora mtiririko kwa alama za BPMN, yaani alama sanifu za kuchorea hatua za kazi, zinazosimamiwa na shirika la viwango la OMG (Object Management Group). Za msingi zinatosha: duara la kuanzia, mstatili wa kazi, almasi ya njia panda, na mkondo mmoja kwa kila mhusika. Mrudishie karani mchoro auhakiki.

Tuseme umegundua kwamba maombi mengi yalirudishwa kwa kukosa namba ya bajeti. Basi wanaoidhinisha hawakuwa chanzo cha kuchelewa. Chanzo ni fomu. Niliwahi kufika kwenye jibu la namna hii, na ununuzi wa mfumo ukasitishwa. Naihesabu miongoni mwa kazi zangu bora, ingawa hakuna mfumo uliozaliwa.

Hatua ya 4: Andika hitaji linalopimika

"Iwe rahisi kutumia" ni matumaini tu. Andika hivi: "Mwombaji asipojaza namba ya bajeti, fomu isitumwe, na ujumbe umwonyeshe sehemu aliyoiacha." Mjaribu mfumo akisoma hapo anajua la kufanya bila kukupigia simu. Kila hitaji lipe namba, chanzo na sababu. Andika pia yale yasiyoonekana kwenye skrini: watumiaji wangapi kwa wakati mmoja, kumbukumbu zitunzwe muda gani, nani haruhusiwi kuona nini.

Hatua ya 5: Panga vipaumbele

Mbinu ya MoSCoW, aliyoibuni Dai Clegg mwaka 1994, ina mafungu manne: lazima, inafaa, ingependeza, si safari hii. Kila mtu atasema lake ni la lazima. Uliza: "Tukianza bila hiki, kazi itasimama?" Ukimya unaofuata utakusaidia kupanga.

Hatua ya 6: Fuatilia hadi mwisho

Tengeneza jedwali linalounganisha kila hitaji na jaribio lake. Hitaji lisilo na jaribio halijakamilika. Jaribio lisilo na hitaji linaashiria kwamba kuna kitu kimeingizwa kimyakimya.

Miezi miwili baada ya mabadiliko kuanza kutumika, chukua tena maombi 30 na uhesabu siku kama ulivyohesabu mwanzo. Ukikuta bado ni 7, rudi ukakae na karani.