Kulenga keram: kwa anayekosa kete za wazi

Mpwa wangu ana mkono mwepesi na nguvu anazo, lakini kwenye keram, mchezo wa kufyatua kete kubwa, straika, igonge kete ndogo ziingie mashimo ya kona za ubao, kete iliyo wazi, isiyozuiwa na chochote, inamshinda. Nimekaa naye jioni kadhaa barazani kwetu Mwembetanga, baada ya alasiri, na haya ndiyo niliyomwelekeza. Sheria sizielezi hapa. Kama hujui kwamba ukimtia malkia, ile kete nyekundu, lazima umfuatishie kete yako papo hapo, kaa kwanza na wenye baraza wakufundishe.

Hatua ya 1: Ubao, poda na straika

Kabla ya kuulaumu mkono, kagua ubao. Uwekee pimamaji katikati, kisha igeuze upande wa pili. Kama huna, nyunyiza poda, sukuma straika taratibu ivuke ubao. Ikiwa kila mara inapinda upande uleule, ubao umelala. Kunja kipande cha boksi, kitie chini ya mguu ulio mfupi.

Wakati wa masika mbao inavuta unyevu na ubao unafanya tumbo. Usiuache upenuni, wala usiuegemeze ukutani usiku kucha. Ulaze bapa ndani ya nyumba.

Poda iwe kidogo. Sipendi poda za watoto zenye manukato mengi, zinaganda hewa ikiwa nzito. Unga wa ngano ndio kabisa usiniletee, kesho ubao una sisimizi. Wahindi hutumia sana asidi ya boriki ya ungaunga, na kweli inateleza vizuri, lakini hiyohiyo ndiyo dawa ya kuulia mende. Ukiitumia, nawa mikono kabla hujashika kikombe cha kahawa au kashata.

Straika, ile kubwa ya kupigia, iwe ya kwako na itembee mfukoni mwako. Kanuni za kimataifa zinataka isizidi gramu 15 wala kipenyo cha sentimita 4.13. Kila baraza ikikupa straika nyengine, mkono hauzoei uzito wowote. Mimi nataka ya plastiki, laini, isiyo na mapambo ya kuchimbwa.

Hatua ya 2: Mkono

Kidole cha shahada au cha kati, chochote ulichokizoea. Kidole kianze karibu kabisa na straika, kisiigonge kutoka mbali. Kiganja kitulie juu ya ubao, kiwiko kibaki nje. Basi.

Hatua ya 3: Pahala pa kulenga

Hapa nitakaa kitako, maana hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa akipotea.

Mtu akiambiwa alenge, anaitazama kete. Anatafuta nukta ya ukingoni ambayo ikiguswa kete itaelekea shimoni, kisha anaielekeza straika pale. Nukta ameipata sawasawa, na bado anakosa. Straika ina upana, na kinachogusa kete ni ukingo wake, si kitovu. Ukikielekeza kitovu kwenye ile nukta, ukingo unawahi kugusa pengine, karibu zaidi na katikati ya kete, na kete haikatiki vya kutosha, yaani haiendi pembeni kiasi ulichotaka. Inapita kando ya shimo na wewe unaapa kwamba ulilenga vizuri.

Kwa hiyo iache kete. Lenga pahala ambapo kitovu cha straika kitakuwepo wakati straika na kete zinapogusana. Pahala penyewe panapatikana hivi: vuta mstari kutoka katikati ya shimo, upite katikati ya kete, utokee nyuma yake. Juu ya mstari huo, hesabu nusu ya upana wa kete ukijumlisha na nusu ya upana wa straika. Kete ya sentimita 3.1 na straika ya 4.1 zinakupa sentimita 3.6 kutoka kitovu cha kete. Hapo ndipo.

Kuizoesha macho, fanya hivi. Kata duara la karatasi lenye upana wa straika yako, litie kitobo katikati. Weka kete moja popote. Nyoosha uzi kutoka shimoni upite juu ya kete, kisha liweke duara nyuma ya kete, liiguse, kitobo kikiwa chini ya uzi. Tia alama ya penseli ndani ya kitobo. Ondoa uzi na karatasi (ukiiacha karatasi, straika itakwama), kisha piga ukiitazama ile alama peke yake. Mpwa wangu mwanzo alikuwa akikodolea penseli, halafu dakika ya mwisho jicho linakimbilia kete, na kidole kinalifuata jicho. Nikamwambia atamke "alama" kabla ya kufyatua. Majirani walicheka, lakini kete ziliingia. Ukizoea, acha kuchora, uione kwa macho tu.

Sasa vikwazo vyake, kwa sababu kanuni hii ukiishika kibubusa itakuangusha.

Kwanza, umbali. Shimo lina upana wa sentimita 4.45. Kete ya 3.1 inaachiwa karibu milimita 7 kila upande. Ukikosea ile alama kwa milimita moja tu, kete iliyo sentimita 30 kutoka shimoni itahama kwa zaidi ya milimita 8 ikifika. Yaani unaweza kukosa. Ndiyo maana kete ya mbali yenye pembe kali siipigi nikiwa na nyengine ya karibu, hata wakinizomea.

Pili, kete iliyogusa fremu. Hapa pahala pa kulenga hapapo kabisa: straika ni pana kuliko kete, fremu inaizuia isikae nyuma yake sawasawa. Usihangaike kupatafuta. Piga ili straika iguse kete na fremu kwa pamoja, na kete itateleza ikifuata fremu mpaka shimoni. Ukigusa fremu mapema unapoteza nguvu. Ukigusa kete mapema, unaibana na fremu na inaruka.

Tatu, msuguano. Kingo zinapogusana kwa pembe, straika huivuta kete kidogo kuelekea kule yenyewe inakokwenda. Kete hukatika pungufu ya ulivyopanga, hasa kingo zikiwa chafu. Ifute straika na kitambaa kikavu, na pembe ikiwa kubwa, lenga nje kidogo ya ile alama.

Nne, jicho. Nyoosha kidole, kielekeze kwenye shimo la mbali, funga jicho moja kisha jengine. Jicho lililo wazi ambalo kidole hakikuhama nalo, hilo ndilo likae juu ya mstari wa straika. Wengi wanakaa kichwa upande, halafu wanashangaa kwa nini shimo la kulia linawaonea.

Kama unataka kipimo cha haraka cha pembe: kitovu cha straika kikielekezwa kwenye ukingo wa kete, kete hukatika kwa takriban nyuzi 25. Kuanzia hapo unakisia, zaidi au pungufu.

Hatua ya 4: Sogeza straika

Hili silielewi kwa nini watu wanalipuuza. Mstari wa kupigia una urefu wa sentimita 47 na unaruhusiwa kuweka straika popote juu yake, mradi iguse mistari yote miwili inayouunda, na kwenye vile viduara vyekundu vya mwisho ama uvifunike kabisa ama usiviguse. Bado utaona mtu kaiweka katikati kila zamu, kisha anahangaika na pembe. Urefushe ule mstari wa shimo na kete mpaka ufike kwako. Ukikutana na mstari wa kupigia, weka straika hapo. Pembe imekwisha, unapiga moja kwa moja.

Ila uangalie. Anayetoka kwenye meza ya puli amezoea kwamba mpira mweupe ukiupiga mwengine katikati kabisa bila kuuzungusha, unasimama, kwa sababu ni sawa kwa uzito. Straika ni kama mara tatu ya uzito wa kete. Ukipiga moja kwa moja haisimami, inaendelea mbele kwa karibu nusu ya mwendo wake, na kete ikiwa mlangoni mwa shimo, straika itaingia nyuma yake. Hapo unalipa. Kwa kete ya mlangoni isogeze straika pembeni, upate pembe ndogo, iteleze kando.

Hatua ya 5: Nguvu

Nusu ya unavyofikiri. Kete ifike shimoni imechoka. Ikifika kwa kishindo inagonga kona na kurudi.

Hatua ya 6: Kete ipi kwanza

Ukishapata shabaha, utashindwa kwa kuchagua vibaya. Mashimo ya mbele yako yaachie kete ngumu, usiyazibe na kete ya mpinzani kwa kupiga ovyo. Kete iliyo mlangoni haikimbii. Itumie kama akiba ya kumfuatishia malkia. Ukiwa na akiba hiyo, mtie malkia hata mapema. Kama huna, usimguse, tena ikiwezekana msogeze akae katikati ya kete za mpinzani, aanze kuzifungua mwenyewe.