Kilimanjaro Juni mwanzoni: ipime theluji kabla hujapanda basi la Moshi

Kila mwaka mwisho wa Mei, mvua ikishaanza kukata hapa Tanga, simu zinaanza, kaka twende Kilimanjaro masika yameisha, na mi jibu langu ni lile lile, masika yameisha hapa kwetu Ngamiani, ya mlimani tuyaangalie kwanza. Mvua iliyotunyeshea sisi Aprili na Mei kule juu inashuka kama theluji, na theluji haiondoki siku mvua inapokata, inabaki imelala pale wiki na wiki. Mi nilipanda wiki ya kwanza ya Juni na wenzangu watano, siku tunatoka stendi jua linawaka, tuna glavu nyembamba za mtumba na viatu vya kawaida, tulipopita Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, tukakuta theluji inafika katikati ya ugoko, juu imeganda, chini laini, wawili wakarudi usiku ule ule vidole havina hisia kabisa. Hakuna aliyetudanganya, hatukuuliza tu.

Anza na hesabu ndogo. Ukipanda kila mita 1,000 joto linapungua digrii 6 hivi. Tanga mchana ikiwa 28, basi ukifika mita 4,600 na kitu, pale Barafu, uko karibu na sifuri, na kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895 uko chini ya sifuri kama digrii 7, hapo upepo hujauweka na usiku hujauweka. Kwa hiyo theluji inayokuhusu ni ya kuanzia Barafu kwenda juu kama unatumia njia za kusini, au kuanzia kambi ya Kibo Hut kama umepita njia ya Marangu au ile ya Rongai inayopandia kaskazini. Chini ya hapo ikidondoka kidogo, jua la asubuhi kwa kawaida linaimaliza.

Sasa jua lenyewe. Hili watu wengi hawalifikirii. Toka nje saa sita mchana mwezi wa Juni hapa mjini, angalia kivuli chako, kinaangukia kusini, manake jua liko upande wa kaskazini. Kilimanjaro nako ni kusini ya ikweta kama sisi, hali ni hiyo hiyo, upande wa kusini wa mlima unapata jua la kuegama na ndo huo huo uliokula mvua nyingi zaidi wakati wa masika. Ndo maana Juni hiyo hiyo mtu aliyetokea Rongai anaweza kukuambia njia kavu, na aliyetokea Machame, njia ya kusini, kupitia Stella Point pale ukingoni mwa kreta anakuambia alitembea kwenye weupe mtupu, na wote wanasema kweli. Mi nikiwa na watu wanaopanda mara ya kwanza na ni Juni mwanzoni, nachagua Rongai bila kufikiria mara mbili.

Kuipima ukiwa bado Tanga kuna njia tatu, na ya kwanza ni Mawenzi. Usiangalie Kibo, kile kilele kikuu chenye Uhuru, Kibo ina barafu yake ya siku zote kwa hiyo picha ya Kibo nyeupe haikuambii chochote. Mawenzi, ule mlima wa pembeni wenye meno meno, una mita 5,149 na hauna barafu ya kudumu. Ukiuona mweupe, hiyo ni theluji mpya. Mwambie ndugu yako aliyeko Moshi au Himo atoke alfajiri, saa 12 na nusu hivi kabla mawingu hayajafunika, apige picha akutumie, afanye hivyo siku 4 au 5 mfululizo. Mawenzi ikiwa nyeupe siku ya kwanza na imebaki nyeupe siku ya tano, basi juu ya Kibo kuna kazi. Ikiwa weupe unapungua kila siku, mambo yanakwenda vizuri.

Ya pili, picha za setilaiti. Setilaiti za Sentinel-2 zinapita kila baada ya siku 5 hivi na picha zake unaziona bure kwenye tovuti ya Copernicus Browser, hata kwa simu japo kompyuta ni nafuu zaidi. Fungua picha ya karibuni, halafu fungua ya Septemba mwaka jana wakati mlima umekauka, zilinganishe. Kilicho cheupe kwenye zote mbili ni barafu ya kudumu, kilicho cheupe kwenye hii mpya peke yake ndo theluji yako. Fuata mstari wa njia kutoka Barafu hadi Stella uone weupe unaanzia wapi. Usichanganye na wingu, wingu linahama ukiangalia picha nyingine na theluji haihami.

Ya tatu ndo naiamini kuliko zote, wapagazi na waongozaji walioshuka juzi. Ila uliza vizuri jamani. Ukiuliza "theluji ipo?" utajibiwa ipo kidogo tu, manake kwao ni kidogo kweli. Uliza inafika wapi mguuni, kifundo au goti. Uliza inaanzia wapi. Uliza saa 10 usiku ni ngumu au laini, wageni walivaa miiba ya chuma kwenye viatu au hawakuvaa, na wangapi walirudi kabla ya Stella. Hilo la mwisho linasema mengi.

Maamuzi yangu ni haya. Ikiishia kifundo na njia imeshakanyagwa, nenda, beba gaita za kuzuia theluji isiingie kiatuni, glavu nzito juu ya zile nyembamba, na miwani ya jua ya giza kabisa, sio urembo, theluji inarudisha jua machoni na mtu anaweza asione kwa siku nzima. Ikifika goti, ongeza siku moja ya kuzoea hewa au sogeza safari wiki mbili mbele, sababu utatembea polepole zaidi na kukaa muda mrefu zaidi mahali ambapo hewa ni nyembamba. Njia ya Western Breach, ile ya kupandia Kibo kwa upande wa magharibi, mi siigusi barafu inapoyeyuka, inalegeza mawe, na Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakaua wapandaji watatu.

Na ukiwa kambini ikadondoka mchana ule ule, inatokea, usiku njiani chomeka fimbo yako kila baada ya hatua chache. Ikizama kidogo, kiatu kitashika. Ikigonga na kuruka kama umepiga sakafu, hiyo imekuwa kioo, na kama hamna miiba ya chuma mwambie mwongozaji hapo hapo msimame, msubiri jua liilainishe au mgeuze.