Somo: Upinde wa mti mmoja, kuanzia kukata mti hadi kufunga upote

Pinde nyingi za kwanza huvunjika kwa sababu mbili tu: fundi amekata mgongo wa mti, au amevuta mpaka mwisho kabla mikono ya upinde haijazoea kupinda. Urefu, aina ya mti na mapambo ni mambo yanayosameheka. Hayo mawili hayasameheki.

Upinde tunaoutengeneza hapa ni mrefu, wa kipande kimoja cha mti, wa umbo linalofanana na zile za Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Tofauti kubwa ni uzito wa mvuto. Upinde wa kuwindia wa Mhadzabe huvutwa kwa kilo 30 hivi, na ule wa Waata wa upande wa Tsavo, waliokuwa wawindaji wa tembo, ulipita kilo 45. Asiyezoea haufikishi hata nusu. Wetu utakuwa wa kilo 15 hadi 18: unapeleka mshale vizuri kwenye shabaha ya mita 25 na bega linabaki zima.

Kwanza tuelewane kwa majina. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha. Tumbo ni upande unaokutazama wewe. Mikono ni nusu ya juu na nusu ya chini, kutoka mshikoni hadi nchani. Upote ni kamba ya upinde.

Vifaa: panga, tezo au shoka dogo, kisu kizuri, tupa ya mbao, msasa namba 80 na 150, penseli, nta ya nyuki, na mizani ya ndoano kama ya wauza samaki. Vipande vya kioo cha dirisha navyo viwepo. Kioo kinakwangua mti mkavu vizuri kuliko kisu, ila vaa glovu.

Hatua ya 1: Mti

Mkole ndio chaguo la kwanza kwa maeneo makavu ya Tanzania na Kenya. Wahadzabe husifu pia mti wanaouita mutateko (Dombeya kirkii). Unachotafuta ni shina changa au tawi lililonyooka, unene wa sentimita 5 hadi 6, urefu wa mita 2, lenye upande mmoja usio na vifundo. Angalia mistari ya gome: ikizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, achana nalo, maana nyuzi za ndani zimejisokota vivyo hivyo na upinde utajinyonga ukivutwa. Kata shambani kwako au kwa ruhusa ya mwenyewe. Hifadhi ya msitu ina utaratibu wake wa vibali.

Msimu wa mvua gome huvulika kwa mkono kama ganda la muhogo uliochemshwa. Hiyo ni faida, kwa sababu kisu hakigusi mgongo kabisa. Kiangazi gome hung'ang'ania, na hapo likwangue taratibu kwa kipande cha mti mgumu.

Hatua ya 2: Kuchonga ukiwa mbichi, kisha kukausha

Usiukaushe mzima. Shina zima hukauka nje kabla ya ndani, na nje ikisinyaa hupasuka. Lichonge likiwa bichi liwe upinde mnene, kisha ndipo likauke.

Kata urefu wa sentimita 170. Chagua mgongo: upande usio na vifundo, na kama shina lina kona kidogo, upande uliobonyea ndio uwe mgongo, ili ncha zielekee shabahani. Vuta uzi wenye chaki toka ncha hadi ncha katikati ya mgongo, na chora mstari. Tokea katikati, pima sentimita 30 kila upande: eneo hilo lote liwe na upana wa sentimita 3.5. Kutoka hapo upana upungue polepole hadi sentimita 2 nchani. Sasa ondoa mti wa upande wa tumbo kwa tezo, mpaka unene uwe sentimita 3.5 katikati na 2 nchani. Bado ni mnene mno, na ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au gundi ya mbao, kwa kuwa maji hukimbilia kutokea huko na ndiko nyufa huanzia. Ufunge mti kwenye ubao ulionyooka kwa mipira ya tairi, uweke kivulini penye upepo, mbali na bati na jiko. Baada ya wiki mbili uanze kuupima kwenye mizani kila baada ya siku nne. Vipimo vitatu mfululizo vikilingana, umekauka. Kwa kawaida ni wiki tatu hadi sita. Mti mbichi ukiupinda unapinda kweli, ila haurudi.

Hatua ya 3: Kupinda kwa sakafu

Punguza tumbo kwa tupa hadi unene wa sentimita 3 katikati na 1.5 nchani, ncha zibaki na upana wa sentimita 1.5. Sugua pembe za tumbo ziwe duara kidogo. Simamisha ncha moja sakafuni, shika katikati, sukuma kwa mkono mwingine. Mkono wa upinde ukianza kukubali sentimita 5 hivi, geuza upande wa pili. Ikiwa mmoja ni mgumu zaidi, huo ndio unaokwanguliwa.

Chonga vifuo vya upote sentimita 2.5 kutoka kila ncha: mikato miwili ya pembeni, kina cha milimita 3, imelala kuelekea tumboni. Mkato usivuke mgongo.

Hatua ya 4: Kukwangua mpaka upinde usawazike

Hapa ndipo kazi ilipo. Hatua nyingine zote ni useremala wa kawaida. Hii ni ya macho.

Pigilia ubao wima ukutani, juu yake weka tako la kukalia mshiko, na kandokando yake chora alama kila sentimita 5. Funga kamba ndefu kidogo kuliko upinde, ilegee, kisha ining'inize kwenye ndoano ya mizani na uvute kwenda chini. Simama mita tatu na utazame umbo. Picha ya simu inasaidia sana: piga, kisha uipindue juu chini, kasoro itajitokeza yenyewe.

Unatafuta tao moja linaloanza karibu na mshiko na kuendelea hadi nchani, kama ukingo wa ungo. Ukiona sehemu imenyooka kama rula, ni ngumu: ipigie alama ya penseli na uikwangue. Ukiona sehemu imevunjika kama kiwiko, ni dhaifu: usiiguse tena kabisa. Kwangua kila mahali isipokuwa hapo, mpaka pengine pote pashuke paifikie. Wanafunzi hufanya kinyume, wanakwangua palipopinda kwa sababu ndipo macho yanapoenda.

Kanuni nne hapa hazina msamaha. Kila baada ya kukwangua mara kumi au kumi na tano, vuta upinde mara 25 kwa kiasi kile kile ulichokwisha fikia, ndipo upime. Mti hauonyeshi badiliko papo hapo. Mizani isizidi kilo 18 hata siku moja, hata kama umevuta sentimita 20 tu. Ikifika hapo, rudi ukwangue. Usiongeze mvuto wakati umbo halijasawazika. Na tumia tupa mwanzoni tu. Tangu mvuto wa sentimita 40 ni kioo na kisu, maana jino moja la tupa likiacha mfereji, mfereji huo utakuwa kiwiko.

Mikono ikifuatana vizuri kwa kamba ndefu, funga upote halisi (Hatua ya 5) kwa kimo cha sentimita 8, yaani umbali kati ya upote na mshiko. Endelea hadi 12, kisha 15, ambacho ndicho kimo cha kufanyia kazi. Vuta hadi 35, 45, 55. Mwisho wa mvuto wako unapatikana hivi: nyoosha mikono yote, pima kidole cha kati hadi kidole cha kati, gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 atavuta 68. Ukifika sentimita 5 kabla ya hapo, acha. Msasa na siku za kwanza za kupiga zitamaliza zilizobaki.

Hatua ya 5: Upote

Kijadi ni kano za mnyama mkubwa zilizosokotwa. Kwetu, uzi wa poliesta wa mafundi viatu unafaa. Nailoni ya nyavu ina tabia ya kurefuka, mshale unakuwa mvivu. Upote ubebe angalau mara nne ya mvuto: upinde wa kilo 15 unataka kilo 60. Funga uzi mmoja kwenye mizani na uvute ukatike. Ukikatikia kilo 5, unahitaji nyuzi 12; weka 16, kwa sababu vitanzi na mafundo hula nguvu.

Gawa nyuzi mafungu mawili, pakaza nta, sokota kila fungu kuelekea kulia huku ukilizungusha juu ya mwenzake kuelekea kushoto. Fungu litajikaza lenyewe. Ncha ya juu kitanzi, ncha ya chini fundo la kurekebishika. Katikati, mahali mshale unapokaa, zungushia uzi mwingine sentimita 12.

Malizia mbao kwa msasa 150, kisha mafuta ya kitani mara tatu, kila mara siku moja kavu. Mshikoni funga ngozi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Huku Lushoto mkole siuoni. Kuna mpera, mkalitusi na mianzi.

Jibu: Mpera ni mgumu na mvumilivu, ndiyo maana watoto huutumia kwa panda za manati, lakini kupata mita 1.7 iliyonyooka ni bahati. Ukiipata, usiiache. Mkalitusi mchanga unafaa kama nyuzi hazijajisokota, ila hupasuka sana ukikauka, kwa hiyo rangi ya nchani ipakwe siku ile ile ya kukata. Mwanzi mnene uliokomaa miaka mitatu na kuendelea hutoa upinde mzuri: ganda la nje liwe mgongo, na usilikwangue.

Swali: Wangu niliutengenezea Dodoma ukawa safi. Nimehamia Tanga, nikiufungua unabaki umepinda sentimita 7.

Jibu: Mti umevuta unyevu wa pwani. Sentimita 2 hadi 4 ni kawaida kwa upinde wowote wa mti mmoja, 7 ni nyingi. Uweke chumba kikavu wiki mbili bila upote, paka mafuta tena, na usiuache umefungwa upote usiku kucha. Aliyetengenezea Tanga akahamia Dodoma ajihadhari na kinyume chake: ukikauka kupita kiasi unakatika ghafla, kwa hiyo apunguze mvuto kiangazi.

Swali: Tumboni nimeona vijistari vyembamba vimekatiza mti, kama mikunjo ya kiganja. Ni nyufa?

Jibu: Hapo nyuzi za tumbo zimepondeka kwa kubanwa. Haziponi. Maana yake sehemu hiyo inabeba kazi ya wenzake, kwa hiyo kwangua pande zake mbili ili mzigo ugawanyike, na upinde utapungua kilo 2 au 3. Utaendelea kufanya kazi. Kibanzi kikiinuka mgongoni ndiyo habari mbaya: simamisha kupiga, tia gundi kali chini yake, kisha zungushia uzi uliolowana gundi sentimita 3 kila upande. Kikivuka nusu ya upana, huo ni kuni.

Swali: Naomba kuuliza, mishale yote inaenda kushoto. Natumia mkono wa kulia kuvuta.

Jibu: Mishale ni migumu kwa upinde wako. Mshale lazima upinde kidogo ili uzunguke mshiko. Usipopinda unasukumwa pembeni. Kwangua uti wa mshale toka milimita 9 hadi 8, au weka chembe (kichwa cha mshale) nzito zaidi. Ikianza kwenda kulia, umezidisha. Hakikisha pia uti umenyooka: Wahadzabe huupasha moto na kuunyoosha kwa meno, nawe unaweza kuupasha juu ya jiko la mkaa na kuunyoosha kwa vidole. Manyoya matatu yatoke bawa la upande mmoja. Ya kuku wa kienyeji au kanga yanatosha.

Swali: Nilimwonyesha jirani, akavuta na kuachia bila mshale. Kuna mlio ulitoka.

Jibu: Nguvu ambayo ingeenda na mshale imerudi kwenye mti. Fungua upote, pitisha pamba mgongoni polepole kuelekea kila ncha. Ikinasa, kuna kibanzi. Kagua vifuo na vitanzi pia. Kama ni safi, anza upya na mivuto mifupi 20 kabla ya kupiga.

Swali: Kwa kuwinda digidigi kilo 15 zinatosha? Na ile sumu ya mishale inapikwaje?

Jibu: Sumu haifundishwi hapa, ndugu. Inaua mtu kupitia mkwaruzo mdogo. Kilo 15 ni za shabaha. Kwa mnyama zitajeruhi tu na kumwacha akimbie na mshale. Na kabla ya uzito kuna sheria: Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania unahitaji leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Jaza gunia nguo kuukuu, likaze vizuri, liegemeze kwenye kichuguu, na hakikisha nyuma yake hakuna njia ya watu.