Jinsi ya Kuyaweka Wazi Masharti ya Kazi Kabla ya Kuikubali

Hoteli za Nyali na Shanzu, na hata makampuni ya mizigo yanayotegemea bandari ya Kilindini, mara nyingi huajiri kwa haraka: mtu hupigiwa simu Ijumaa, akatakiwa aripoti Jumatatu, na masharti akaambiwa atayaona akishafika. Kazi yangu ni kuandaa na kupitia mikataba ya ajira hapa Mombasa, na namsihi kila anayeniuliza azitumie siku hizo kabla ya kuripoti, kwa kuwa mwajiri ameshamchagua, naye mwajiriwa hajafungika bado.

Hatua ya kwanza ni kuomba barua ya ajira au rasimu ya mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ni juu ya mwajiri kuuandaa. Ikiwa umeandikwa kwa lugha usiyoielewa, sheria hiyohiyo inamtaka akuelezee kwa lugha unayoifahamu kabla hujaukubali. Basi usione haya kuomba usomewe kifungu kwa kifungu.

Hatua ya pili ni mshahara, na hapa ndipo pa kukaa zaidi. Ukiambiwa shilingi 30,000, uliza kama huo ni mshahara wa msingi au ni jumla iliyokwisha kumeza posho ya nyumba, kwa sababu mwajiri analazimika kukupa makao au fedha za kodi ya nyumba, na akizijumlisha ndani ya mshahara yapasa mkataba useme hivyo. Kisha hesabu makato: bima ya afya asilimia 2.75 ni shilingi 825, tozo ya nyumba asilimia 1.5 ni shilingi 450, na NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 6 ni shilingi 1,800. Zimeshaondoka 3,075, na kodi ya mapato bado haijaguswa. Aliyepanga chumba Bamburi kwa kutegemea zile 30,000 kamili atabanwa tangu mwezi wa kwanza.

Tatu, uliza muda wa mkataba, na kwa kazi za hoteli uliza waziwazi itakuwaje wageni wanapopungua, hasa kuanzia Aprili hadi Juni: je, utapewa likizo ya malipo, likizo bila malipo, au mkataba utakwisha? Anayeitwa kibarua naye ajue kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, sheria inamtambua kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi.

Zamu nazo zisiachwe hewani. Anayekaa Likoni akitoka kazini Shanzu saa sita za usiku atahitaji gari na feri, kwa hiyo aulize kama kuna basi la wafanyakazi na kama saa za ziada hulipwa au hufidiwa kwa mapumziko.

Mengine ni ya kukagua tu: kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na hakiongezwi bila ridhaa yako, likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi, na anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 au zaidi.

Mwisho, hata kama mmeelewana kwa simu, yarudishe mazungumzo kwenye maandishi. Ujumbe wa namna hii hauna ukali wowote: “Bi. Meneja, nashukuru sana kwa kunichagua. Kabla sijatia sahihi, naomba unithibitishie kwamba posho ya nyumba iko nje ya mshahara wa msingi, na kwamba mkataba ni wa mwaka mzima, msimu wa wageni wachache ukiwemo.” Jibu likija, lihifadhi pamoja na nakala ya mkataba. Lisipokuja, au ukaambiwa utie sahihi kwanza ndipo uulize, peleka rasimu hiyo kwa afisa wa leba au kwa chama cha wafanyakazi wa sekta yako ipitiwe kabla hujaacha kazi uliyo nayo.