Kinda wa kasuku mwenye miguu iliyotanuka: anza kumtazama mama

Kinda wa baji (yule kasuku mdogo wa kufugwa) mwenye afya, akifika siku ya nane au ya tisa, huikalia miguu yake. Visigino viko chini ya tumbo na vidole vimeshika maranda. Mgeuze umtazame kwa nyuma. Ukiona mguu mmoja au yote miwili imetoka pembeni kama ya chura, na tumbo limelala sakafuni, tatizo limeshaanza, na kila siku inayopita mfupa unazidi kukomaa na upindo wake.

Wafugaji wengi wa hapa Mombasa, kuanzia Majengo hadi Bamburi, husema ni ulemavu wa kuzaliwa, wakaishia hapo. Kuna wanaorithi kweli, hasa ndugu wakipandishwa kwa ndugu. Lakini mara nyingi chanzo ni mama aliyeishiwa kalsiamu, makinda wasiopata vitamini D, au kiota chenye sakafu inayoteleza. Mara nyingi yote matatu yanakutana kwenye tundu moja.

Mimi huanza na mama. Kila ganda la yai linatengenezwa kwa kalsiamu, na chakula kisipotosha, jike huichota mifupani mwake mwenyewe. Baji na kokateli, kasuku mwingine wa kufugwa, hutaga siku moja, wakapumzika siku moja, wakataga tena, mpaka mayai yatimie matano au sita. Sasa fikiria jike aliyelea makinda mara mbili mfululizo, na sanduku la kiota bado limening'inia tunduni. Anaanza mzao wa tatu akiwa hana akiba. Hapo ndipo unapoona mayai yenye ganda laini, yai kumkwama jike mpaka afe, na makinda wenye mifupa inayopinda kwa uzito wao tu.

Chakula chetu cha kawaida hakimsaidii. Mtama, uwele na alizeti tunazonunua kwa kilo Marikiti au Kongowea zina kalsiamu kidogo sana na fosforasi nyingi, na fosforasi ikizidi huizuia hata ile kalsiamu kidogo isitumike. Alizeti ndiyo mbaya zaidi kwa sababu ndege huipenda, akaichagua na kuacha kilichobaki.

Pwani tumejaliwa dawa ya hili bila gharama. Ule mfupa mweupe wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi) unaookotwa ufuoni Nyali, Bamburi au Likoni, na ambao wauza samaki huutupa, sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti. Chagua ulio safi, usio na lami wala mafuta. Uloweke kwenye maji baridi siku mbili tatu ukiyabadilisha ili chumvi itoke, kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa. Ufunge kwenye waya wa tundu, upande laini ukimwelekea ndege ili aweze kuukwaruza. Ukiukosa, chemsha maganda ya mayai ya kuku dakika kumi, yakaushe, uyatwange na kuyanyunyizia kwenye chakula. Ongeza majani ya mlonge na sukuma wiki. Mchicha ni mzuri, ila usiutegemee kwa kalsiamu, kwa kuwa una asidi inayoishika isiingie mwilini. Wanaolea wape pia yai la kuchemsha, na ukiondoe kilichobaki baada ya saa moja au mbili, maana kwa joto letu huchacha haraka. Haya yote yaanze wiki sita hadi nane kabla ya kuweka kiota. Ukingoja mpaka yai litoke umechelewa.

Hata dome likiwapo, kalsiamu bila vitamini D hupita tu tumboni. Mbegu hazina vitamini D, na ndege huitengeneza mwenyewe akipigwa na jua. Inasikitisha kuona mji wenye jua kama wetu una ndege wenye mifupa laini, lakini sababu ni wazi: tundu liko sebuleni nyuma ya dirisha la kioo, na miale inayohitajika haipiti kwenye kioo. Wakati wa masika tunafunika kwa nailoni wiki nzima nzima, na hapo hali huzidi. Mtoe jike roshani au uani asubuhi, kabla jua halijawa kali, na nusu ya tundu iwe na kivuli ili ajiondoe akitaka. Usimwache peke yake. Kunguru wetu hujua kumvuta ndege mguu kupitia waya, kwa hiyo ongeza wavu wa pili kwa nje, umbali wa kiganja kutoka kwenye tundu. Ukitumia vitamini ya dukani, fuata kipimo cha kwenye chupa; vitamini D ikizidi huharibu figo.

Kiota nacho kina lawama yake. Ubao mtupu, gazeti au plastiki humnyima kinda pa kushika, miguu ikateleza nje kila anaposukumwa na wenzake au kukaliwa na mama. Weka maranda ya mbao isiyopakwa rangi wala dawa, kina cha vidole vitatu. Baji hupenda kuyatupa nje, kwa hiyo masanduku yao yachongwe bonde katikati ili makinda wakusanyike pale na miguu ibaki chini yao.

Ukigundua mapema, kinda anaweza kunyooka. Kwa baji, wiki mbili za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa. Akishaota manyoya mfupa umekwisha kukomaa. Funga miguu yote miwili kwa plasta laini ya karatasi, kwa umbo la nane, iachane kwa upana wa nyonga zake. Isibane. Dakika chache baadaye angalia vidole: vikivimba au vikibadilika rangi, fungua upesi. Badilisha kila siku moja au mbili kwa sababu anakua haraka, na umweke kwenye kikombe chenye maranda asiweze kujitandaza. Lakini mguu uliovimba, uliojikunja katikati ya mfupa, au unaomfanya alie ukiguswa, usiufunge nyumbani. Huenda umevunjika. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kasuku wa kijivu anahitaji neno lake. Mwili wake husumbuliwa na upungufu wa kalsiamu kuliko kasuku wengi, na makinda wanaolishwa kwa mkono huweza kupinda mfupa wa muundi bila mwenyewe kujua, mpaka picha ya eksirei ionyeshe. Usimwache kinda wa namna hii atembee kwenye vigae wala umuonyeshe wageni akiwa amesimama. Alale chini akiegemea wenzake, au taulo lililokunjwa kumzunguka. Pia kumbuka kwamba tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku huyu aliyetoka mwituni imepigwa marufuku, na kumfuga hapa Kenya kunahitaji kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Anayekuuzia kinda bila karatasi anakutia mashakani, na huenda kinda huyo ametolewa kwenye pango la mti huko msituni.

Kwa baji, kokateli na lavubedi (kasuku mwingine mdogo), mizao miwili kwa mwaka inatosha. Baada ya wa pili, toa sanduku lote nje ya tundu, kwa sababu jike akiliona ataendelea kutaga. Jike asiwekewe kiota kabla hajatimiza umri wa mwaka mmoja. Andika kwenye daftari nani mzazi wa nani, ili usiwapandishe ndugu, na jozi ikitoa makinda wenye miguu mibovu mara mbili ingawa chakula na kiota viko sawa, itenganishe. Kinda aliyenyooshwa miguu anaweza kuishi vizuri akiwa kipenzi cha nyumbani, ila asizalishwe. Mnunuzi aambiwe hivyo kabla hajatoa pesa, na aonyeshwe jinsi ya kumwekea vijiti vya chini na jukwaa bapa la kupumzikia.