Kamshafti kali kwenye injini ya VVT-i: kipimo kinachosahaulika

Probox, Fielder na Vitz nyingi zinazokimbia kati ya Malindi, Watamu na Mambrui zina injini ya 1NZ-FE: cc 1,497, vali 16, cheni ya taimingi. VVT-i, gia inayobadilisha wakati wa vali kufunguka, iko kwenye kamshafti ya kuingiza hewa tu. Wakati wa ile ya moshi haubadiliki. Gari likiwa la kubeba magunia, acha kamshafti yake ilivyo. Kamshafti kali, yaani yenye nundu (sehemu zilizochomoza zinazosukuma vali) kubwa zaidi, huongeza nguvu injini ikizunguka kwa kasi na kuipunguza chini, pale pale dereva anapoihitaji akiondoka na mzigo.

Anayetaka bado kufunga kamshafti kali apime kwanza. Kosa linalopinda vali ni kupima nafasi kati ya vali na pistoni gia ya VVT-i ikiwa imejifunga, yaani imechelewesha kabisa. Hapo kila kitu huonekana salama. Barabarani kompyuta huiwahisha hata digrii 40 kwa hesabu ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), vali ikafunguka mapema pistoni ikiwa bado juu. Kwa hiyo pima ikiwa imewahishwa hadi mwisho.

Weka springi laini kwenye vali za silinda ya kwanza na dayal gaji (saa ya kupimia mwendo mdogo) juu ya kikombe cha tapeti, kile kinachokaa kati ya nundu na vali. Pulizia hewa ya kompresa kwenye tundu la oili la kuwahisha ili pini ya gia iachie, kisha shika kamshafti kwa spana kwenye sehemu yake ya pembe sita na uizungushe kuelekea inakozungukia hadi igote. Sogeza krenki digrii tano tano, kuanzia 20 kabla pistoni haijafika juu hadi 20 baada ya hapo, ukisukuma kikombe chini kila mara mpaka vali iguse pistoni. Vali ya kuingiza ibaki na milimita 2 au zaidi, ya moshi 2.5. Ikipungua, punguza mwendo wa gia kwa kizuizi au chagua nundu ndogo. Kuchonga pistoni ni kazi ya mwisho kabisa.

Springi nazo: nundu ikifika juu kabisa, ibaki karibu milimita 1 kabla mizunguko ya springi haijagusana.

Tapeti za 1NZ hazina shimu (vipande vya kurekebishia nafasi). Unabadilisha kikombe chenyewe, na unene hupanda kwa 0.02 mm. Injini ikiwa baridi, nafasi kati ya nundu na kikombe iwe 0.15 hadi 0.25 mm kwa vali ya kuingiza, 0.25 hadi 0.35 kwa ya moshi. Kamshafti iliyochongwa upya Mombasa hurudi na duara dogo nyuma ya nundu, basi nafasi hupanuka sana. Tuseme fila gaji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) imesoma 0.62, unataka 0.20, na kikombe kilichopo ni 5.10. Ongeza tofauti ya 0.42: tafuta cha 5.52. Andika vipimo vyote 16 kwenye karatasi kabla ya kuagiza, maana kumbukumbu huchanganya silinda ya pili na ya tatu.

Wakati wa kufunga, gusa boliti ya katikati tu ya gia ya VVT-i. Zile nne za pembeni ukizilegeza, gia imekwisha. Ya katikati ikazwe kwa Nm (nyutoni mita) 64. Kepu za kamshafti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu kuanzia katikati: Nm 13, na ile ya kwanza 23. Ukikaza upande mmoja mzima kwanza, kamshafti inaweza kuvunjika, mpya au kuukuu. Shingo za kamshafti (sehemu zinazozungukia ndani ya kepu) na nundu zipakwe grisi ya kufungia. Usizipanguse mafuta na kuziacha mezani usiku. Hewa ya bahari hapa huzitia kutu kabla hujarudi asubuhi. Kusi ikivuma mchanga, funika hedi (kichwa cha injini) kwa kitambaa safi muda wote.

Cheni ikisharudi, alama zikilingana, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa mwelekeo wake wa kawaida. Ikigota, simama, usilazimishe. Jino moja likikosewa, kompyuta itatoa msimbo wa hitilafu P0016.

Oili iwe mpya, 5W-30, na chujio dogo la vali ya kuongoza oili lisafishwe. Tope lililoganda hapo ndilo hufanya gia ikwame ikiwa imewahishwa. Utaona P0011 na gari likitetemeka likisimama. Wengi hulaumu kamshafti mpya na kufungua kila kitu tena bure.

Mwisho ni kompyuta, na hapa hakuna njia ya mkato: mchanganyiko wa petroli na ramani ya VVT-i vipangwe upya, gia isiwahishwe injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Kabla ya hapo usiipeleke Gede kwa mbio, kwani mchanganyiko ukikosa petroli huchoma pistoni. Tapeti zipimwe tena baada ya kilomita 1,000, injini ikiwa imelala usiku mzima.