SOMO: Kabla hujalilaumu gitaa, pima chumba

Wakuu, nimebadilisha waya mara mbili nikidhani gitaa langu limekufa. Nikigusa waya wa A, chumba kizima kinavuma. Nikigusa D, kimya. Siku moja nikapigia barazani. Mvumo haupo! Hela ya waya imeshakwenda.

Hatua ya 1. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali. Ukisikia "trrr" fupi, kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Hapo ndipo gitaa linapopata ule ukali wa bati.

Hatua ya 2. Chukua futi, pima ukuta hadi ukuta. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Zigawanye kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili: unapata mitetemo ambayo chumba huitikia, hiyo yenyewe na mara mbili yake. Changu ni mita 3.1 kwa 3.1, kwa hiyo 343 gawanya kwa 6.2: mitetemo kama 55 kwa sekunde, na mara mbili yake ni 110. Waya wa A hutetema mara 110! Na kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vyote vinaitikia noti hiyohiyo.

Hatua ya 3. Hama kabla hujanunua kitu. Mvumo wa 110 una nguvu ukutani na katikati kabisa, mahali ambapo wengi wetu tunaweka kiti. Ukifika robo ya chumba karibu unapotea, na A inakonda. Mimi naweka kiti na maiki theluthi moja kutoka ukutani, kwa urefu na kwa upana. Hapo hauzidi wala haupotei. Kona ikimbie, besi zote hujazana huko.

Hatua ya 4. Kapeti chini, godoro wima nyuma yako. Basi.

MASWALI

Mdau: Mkuu, nimebandika trei za mayai ukuta mzima, mbona besi iko palepale?

Jibu: Wimbi la A lina urefu wa mita 3 na ushee, trei haliwezi kulishika. Umepunguza sauti za juu tu, ndiyo maana gitaa limekuwa butu. Halafu zinashika moto haraka, zitoe.

Mdau: Kwaya yetu Jumapili safi, mazoezini kelele tupu. Kanisa ni lilelile.

Jibu: Watu na nguo zao hunyonya sauti. Mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alilipima jambo hili miaka ya 1890 kwa kuhamisha mito ya viti usiku, kisha akashauri ujenzi wa ukumbi wa muziki wa Symphony Hall, Boston, uliofunguliwa 1900. Mazoezini punguzeni besi ya kinanda, Jumapili mpange upya kwa sikio.

Mdau: Mimi kinyume. Udi wangu sebuleni unasikika kama umefunikwa blanketi.

Jibu: Kuna makochi na kapeti?

Mdau: Na mapazia mazito.

Jibu: Kaa kwenye korido yenye vigae, upige tena.